Bi Mkasi, fundi anayeikata mionzi kwa kipimo cha kila mgonjwa

Saa moja na nusu asubuhi, chumba cha vinyago kina joto la jikoni. Ndani ya beseni pana la chuma maji yanatoa mvuke mwembamba, na kipande cha plastiki chenye matundu madogo madogo kinalainika taratibu, kikiacha weupe wake na kuwa angavu kama kioo.

Mwanamke wa makamo aliyejifunga kitambaa cha zambarau kichwani anakiopoa kwa mikono miwili. Anakikung'uta maji, anakigusisha kwenye shavu lake mwenyewe kuhakikisha hakiunguzi, kisha anamgeukia mgonjwa aliyelala chali kwenye meza nyembamba. Ni mzee mpishi wa shule, mwenye uvimbe shingoni.

"Baba, itakuwa kama umefunikwa taulo la moto. Fumba macho, pumua kwa pua. Usiniongeleshe mpaka nimalize, sawa? Najua maneno unayo."

"Na nikipiga chafya?"

"Ukipiga chafya tutapata kinyago chenye chafya, na utakivaa hivyohivyo mpaka umalize matibabu."

Mzee anajikaza asicheke. Plastiki inashuka usoni mwake, inafuata paji la uso, inapanda pua, inashuka kwenye mdomo. Vidole vya mwanamke vinapitapita kidevuni na kandokando ya masikio vikibonyeza. Baada ya muda inapoa na kukakamaa. Anapomvua, sura ya mzee inabaki mikononi mwake.

Kazi ya kinyago ni kumshika mgonjwa asisogee. Mionzi inayotibu saratani haina macho. Inakwenda inakoelekezwa, na kichwa kikihama hata kidogo tu, inaunguza pasipohusika.

Lakini hapo ni mwanzo. Kazi iliyompatia mwanamke huyu jina la Bi Mkasi katika jengo zima la hospitali inafanyika chumba cha pili, mbele ya kompyuta mbili zenye vioo vikubwa. Ni kazi ya hesabu.

Kwa cheo, yeye ni mpangaji wa mionzi. Cheo hicho kimemletea vituko.

"Siku nilipopewa barua ya cheo nikamwambia mama mwenye nyumba wetu, 'Mama, sasa mimi ni mpangaji wa mionzi.' Akanitazama juu hadi chini. Akasema, 'Wewe si mpangaji wangu? Huko kwa mionzi umehamia lini, na mbona vyombo vyako bado naviona?'"

Anacheka mpaka anajifuta machozi, kisha anavuta kiti na kuonyesha kazi yenyewe kiooni.

"Mgonjwa anapigwa picha za vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Daktari bingwa anachora uvimbe kwenye kila kipande. Mimi nachora vya kulindwa: uti wa mgongo, neva za macho, tezi za mate. Halafu naiambia kompyuta, hapa dozi isipungue, pale isizidi. Mionzi itoke pande nyingi, na kila upande iwe na umbo lake. Kompyuta inajaribu, inakosea, inajirekebisha, inarudia maelfu kwa maelfu ya mara, mpaka inapata mpangilio unaokaribia nilichoomba."

Je, inampa alichoomba?

"Wapi! Mwili wa mtu umebanana. Uvimbe umekaa jirani na tezi, tezi jirani na taya. Kazi yangu ni kubembeleza hesabu. Nalegeza huku, nakaza kule."

Maneno hayo, kulegeza na kukaza, ameyatoa nyumbani kwao. Baba yake ni fundi cherehani. Bi Mkasi amekulia chini ya meza ya kukatia nguo, akiokota vipande vya vitambaa na kusikia vipimo vikitajwa kutwa nzima: bega, kifua, kiuno, urefu.

Alipokuwa binti wa sekondari, baba yake alianza kutokwa damu puani. Sikio moja likaziba. Baada ya kuzungushwa sana, ikajulikana kwamba ana saratani nyuma ya pua. Akapelekwa kwenye mionzi.

Wakati huo mionzi ilipigwa kutoka kulia na kutoka kushoto, moja kwa moja, kama taa mbili zinazotazamana. Chochote kilichokuwa katikati kilipokea sehemu yake. Saratani ilikufa. Na tezi za mate nazo zikafa.

"Baba alipona, na namshukuru Mungu mpaka leo," anasema Bi Mkasi. "Ila mdomo ulikauka kama karatasi. Hawezi kumeza wali bila maji. Hawezi kuongea dakika mbili bila kunywa. Na fundi cherehani, wewe unajua, analowesha uzi mdomoni ndipo autie kwenye tundu la sindano. Nilimwona siku aliporudi kazini. Akaweka uzi mdomoni kama kawaida, akautoa mkavu. Akaweka tena. Mkavu. Akaniita, 'Mwanangu, niletee kikombe cha maji.' Kuanzia siku hiyo kikombe hakijaondoka kwenye meza ya cherehani."

Binti akamaliza shule na kusomea kazi ya kuendesha mashine za mionzi. Kwa miaka alikuwa yule mtu wa kumlaza mgonjwa mezani, kumfunga kinyago, kutoka nje, kufunga mlango mzito na kubonyeza kitufe.

Kisha hospitali ikapata mashine mpya. Mdomo wake una safu za vyuma vyembamba vinavyoingia na kutoka kama vidole, vikiikata mionzi iwe na umbo lolote linalotakiwa, huku mashine ikimzunguka mgonjwa. Pamoja nayo ikaja programu ya kupiga hesabu hizo.

Mtaalamu pekee aliyefundishwa kuitumia alipata kazi nje ya nchi na kuondoka kabla kiti chake hakijapata joto. Mashine mpya ikabaki inafanya kazi ya zamani: kulia, kushoto, basi.

"Ilikuwa kama kununua cherehani ya kudarizi ukaishia kushonea magunia," anasema.

Anayekumbuka vizuri siku hizo ni mwanafizikia wa kitengo, mwanamume mrefu mwenye miwani inayoteleza puani. Wagonjwa na wafanyakazi wanamwita Profesa Maji, kwa sababu kabla mionzi haijamgusa mtu, yeye huipima kwenye tangi la maji na kwenye sanamu za plastiki zenye vipimo ndani.

"Alikuja ofisini kwangu akiwa bado na glovu mikononi," anasimulia Profesa Maji. "Akasema, 'Nifundishe.' Nikamwambia, dada yangu, humu ndani kuna matriksi, kuna hesabu za mabadiliko, kuna vitu watu walivisoma chuo wakavikimbia. Akasema, 'Mimi sijavikimbia, sijakutana navyo tu.'"

Hesabu haikuwa rafiki yake shuleni, na halifichi hilo. Alianza upya kabisa, kwenye meza ya chakula, pamoja na binti yake aliyekuwa sekondari. Mama upande huu, mtoto upande ule, kitabu kimoja katikati.

"Mume wangu ni mchomeleaji. Anarudi kazini anatukuta tunabishana. Binti ananiambia, 'Mama, umesahau alama ya kutoa tena.' Mume wangu anasema, 'Na wewe mama mtu mzima unafeli?' Nikamwambia nenda ukaoge."

Mwaka wa kwanza ulipita hivyo. Wa pili akapata nafasi ya mafunzo ya miezi michache kwenye hospitali nyingine kubwa. Akarudi na cheti. Daktari bingwa wa kitengo, mama mpole lakini asiyechezea wagonjwa, akampongeza, kisha akamwambia wazi kwamba bado hawezi kuruhusu mpango wa aina hiyo kwa mgonjwa halisi.

"Sikumkataa yeye," daktari bingwa anaeleza. "Kosa la mionzi halifutiki. Nilitaka kwanza nione mgonjwa ambaye faida yake itakuwa kubwa kuliko hofu yangu."

Mgonjwa huyo alikuja mwenyewe, na karibu aondoke mwenyewe.

Alikuwa dalali wa mnada wa samani, mtu wa miaka arobaini na kitu, mnene, mwenye sauti ya kusikika bila kipaza sauti mpaka mtaa wa pili. Uvimbe nyuma ya pua, mahali palepale pa yule fundi cherehani. Alikuwa amekuja na mkewe. Wakaketi kwenye benchi la kusubiri.

Siku hiyo baba yake Bi Mkasi alikuwa amekuja kuangaliwa afya kama anavyofanya kila mwaka. Wakaketi benchi moja. Mazungumzo yakaanza, kama yanavyoanza popote penye benchi. Dalali akaona mzee anakunywa maji. Baada ya maneno mawili, akanywa tena. Akamuuliza, "Mzee wangu, una kiu ya namna gani hiyo?"

Mzee, ambaye hajui kusema uongo, akamweleza.

"Mume wangu alinyamaza," anasema mkewe dalali. "Na yeye kunyamaza ni habari. Akasimama, akaniambia, 'Mama watoto, twende nyumbani.' Nikamwambia twende wapi na ugonjwa wenyewe tumeuleta hapa? Akasema, 'Dalali asiye na mate ni kitu gani? Nitasimama mbele za watu nifanye nini, nipige makofi?'"

Wakawa wamefika getini Bi Mkasi alipowakuta, ameshaambiwa na baba yake, viatu vya kazini vikiwa havijafungwa kamba.

"Kaka, subiri. Yule mzee uliyeongea naye ni baba yangu."

"Basi wewe unajua."

"Najua. Nimemsogezea kikombe miaka yote hiyo. Ndiyo maana nakuomba urudi."

"Utaniahidi nini?"

"Siwezi kukuahidi. Naweza kukuambia kwamba kuna njia nyingine, na kwamba tutaipima kabla haijakugusa. Isipofaa nitakuambia mwenyewe, haifai. Ukiondoka sasa hivi, huo uvimbe hautakusubiri."

Mkewe akamshika mume mkono. Dalali akatazama barabara, akamtazama mkewe, akasema, "Haya. Lakini mimi nauza kwa kuona bidhaa. Nionyeshe."

Akamwonyesha. Akamkalisha mbele ya kompyuta na kumzungushia picha ya kichwa chake mwenyewe, akamwekea kidole: huu ndio uvimbe, hizi ndizo tezi za mate, huu hapa ndio uti wako wa mgongo. Dalali akauliza maswali mengi. La mwisho lilikuwa hili: "Hii njia mmeshamfanyia nani?"

"Hapa kwetu? Bado. Utakuwa wa kwanza."

Dalali akakuna kidevu. "Wa kwanza huwa anapunguziwa," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mkewe akacheka.

Daktari bingwa alikubali, kwa sharti. Uvimbe haukuwa wa kuchezewa. Aliwapa wiki moja. Mpango ukikamilika na kupita vipimo vyote ndani ya wiki hiyo, dalali atatibiwa kwa njia mpya. Usipopita, wiki inayofuata ataanza kwa njia ya zamani, na hakuna mjadala.

Bi Mkasi akaingia kazini. Alichora tezi kwa uangalifu kiasi kwamba aliziona akifumba macho. Akaipa kompyuta masharti makali. Isiguse tezi. Isikaribie uti wa mgongo. Ilipomaliza kupiga hesabu, rangi zilizotokea kiooni zilimfanya aite watu waje waone. Nyekundu, ambayo ni dozi kubwa, ilikaa juu ya uvimbe kama imemiminwa. Kwenye tezi palikuwa na buluu ya kutuliza moyo.

"Nilijiona nimeshinda," anasema. "Nilipita kwenye korido kama bibi harusi."

Kesho yake Profesa Maji akaipeleka ile hesabu kwenye sanamu yake ya vipimo. Mashine ikazunguka, vyuma vikaingia na kutoka, vipimo vikasoma. Profesa akalinganisha kilichotabiriwa na kompyuta na kilichofika kweli. Havikufanana.

Alimwita, akamfungia mlango, akamwonyesha.

"Umeshona nguo nzuri sana," akamwambia, "lakini haivaliki."

Kosa lilikuwa lake, na anakiri bila kuzunguka. Kwa kutaka kulinda kila kitu, aliilazimisha kompyuta ikate mionzi vipande vyembamba mno. Kwenye hesabu, kipande chembamba kinawezekana. Kwenye chuma halisi, vile vidole vya mashine haviwezi kusimama kwa usahihi huo kila mara. Makosa madogo yakajumlishana yakawa makubwa.

"Nililia chooni," anasema. "Nikanawa uso. Nikarudi nikamkuta Profesa ameniwekea kiti karibu na chake. Hakusema pole. Alisema, 'Tuanze na tezi ya kulia. Hiyo iko mbali zaidi, tuilinde zaidi. Ya kushoto tuilegezee kidogo.'"

Hapo ndipo alipolikumbuka somo la baba yake, kwamba nguo ikibana mwilini kila mahali itapasuka kwenye mshono. Lazima iachiwe nafasi ya kupumulia. Akalegeza masharti. Akaiambia kompyuta ijipunguzie alama kwa kila kipande chembamba kupita kiasi. Tezi ya kushoto ikapokea dozi zaidi ya alivyotaka, lakini bado chini ya mpaka ambao ukivukwa tezi haiponi.

Mpango wa pili ukapimwa, ukakaribia. Wa tatu ukapimwa mchana wa siku ya mwisho aliyopewa.

"Nilikuwa nimesimama nyuma ya Profesa, nimeshika kiti chake mpaka kikawa kinatetemeka," anasimulia. "Akasema, 'Dada, ukiendelea kutikisa kiti nitasoma vibaya.' Halafu akavua miwani. Akasema, 'Mwite daktari.' Nikamuuliza, mbaya? Akasema, 'Mwite daktari aje asaini, mwanamke wewe!'"

Dalali akalala mezani Jumatatu. Kinyago kikafungwa. Mlango mzito ukafungwa. Mashine ikamzunguka, ikanyamaza. Alipotoka aliuliza, "Ni hivyo tu?" Alikuwa ametarajia angalau kelele.

Matibabu yalikuwa ya wiki saba, siku tano kila wiki, na hayakuwa mteremko. Koo liliuma. Chakula kikawa uji, kisha uji mwepesi. Mwili wake mnene ukaanza kupukutika.

Hapo likatokea jambo ambalo lingeharibu yote. Katikati ya matibabu, waendesha mashine waliona kinyago kinacheza. Shingo ilikuwa imekonda. Kila asubuhi mashine hupiga picha ya kuhakikisha mgonjwa amekaa sawa, na asubuhi hiyo picha ilionyesha tezi ya kulia imesogea ndani, kuelekea kwenye moto. Hesabu yote iliyopigwa ilikuwa ya mtu ambaye hayupo tena.

"Njia ya zamani haijali sana ukikonda, kwa sababu inapiga eneo zima," anaeleza Profesa Maji. "Hii yetu imebana. Ikibana na wewe umebadilika, inakuumiza palepale ulipokuwa unapalinda."

Wangeweza kuendelea kwa kubahatisha. Wangeweza kurudi kwenye njia ya zamani kwa wiki zilizobaki. Kusimamisha matibabu siku nyingi haikuwezekana, maana uvimbe ungepata nafasi ya kujipanga.

Bi Mkasi alimtazama daktari bingwa. Daktari bingwa akasema, "Unahitaji nini?"

"Picha mpya leo. Kinyago kipya leo. Na mtu asinipigie simu."

Asubuhi hiyohiyo dalali alitengenezewa uso mpya. Daktari bingwa alichora uvimbe upya akiwa ameketi bega kwa bega na Bi Mkasi, mmoja akimaliza kipande, mwingine anakipokea. Uvimbe wenyewe ulikuwa umesinyaa, na hilo likawapa nguvu. Safari hii Bi Mkasi hakuomba makubwa. Aliijua kompyuta yake, akaijua na mashine yake. Mpango wa kwanza ulipopelekwa kwenye vipimo vya Profesa Maji, ulipita.

Dalali alikosa siku moja tu ya matibabu. Mkewe anasema siku hiyo alilalamika kwamba wamemzoesha vibaya, sasa akikosa mashine anaona kama amesahau kitu.

Miezi ikapita. Picha ya kuangalia matokeo ikapigwa. Daktari bingwa aliiweka kiooni, akaitazama kwa muda, akawaita wote. Nyuma ya pua ya dalali hapakuwa na kitu.

Na mate?

Mwanzoni yalikuwa machache. Yakaongezeka kadiri wiki zilivyokwenda. Siku moja dalali akampigia simu Bi Mkasi, hakusalimia wala nini, akaanza kunadi simuni kabati la milango mitatu kwa pumzi moja, bila kukata, mpaka Bi Mkasi akaketi sakafuni kwa kicheko na kilio kwa pamoja.

"Njoo Jumamosi mnadani," dalali akamwambia. "Njoo usikie kazi yako."

Akaenda. Alisimama nyuma ya umati amevaa gauni la buluu. Dalali alikuwa juu ya jukwaa la mbao, amepungua mwili lakini sauti ni ileile, inaruka kutoka kona hadi kona. Akilamba kidole kufunua karatasi za bidhaa, anasoma, anatania, anawachokoza wanunuzi waliozubaa. Bi Mkasi kwa furaha akainua mkono kumpungia.

"Kabati limekwenda kwa mama wa gauni la buluu!" dalali akanguruma, na nyundo ikagonga.

"Nilikwenda kusikia sauti, nikarudi na kabati," anasema Bi Mkasi. "Mume wangu akauliza tutaliweka wapi. Mpaka leo limeziba nusu ya dirisha la sebuleni. Haliondoki."

Jioni ile alipita kwa baba yake kumsimulia. Mzee alisikiliza yote, mnada, nyundo, kabati, akinywa maji yake kidogo kidogo. Alikuwa na swali moja.

"Anaweza kulowesha uzi?"

"Baba, analamba kidole kila akifunua karatasi."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Akatabasamu, akasema, "Basi yamekwisha," na akarudi kwenye mshono wake.

Tangu siku ya dalali, wagonjwa zaidi ya mia mbili wa kichwa na shingo wametibiwa hapo kwa njia hiyo. Si wote waliopona. Saratani nyingine hufika zikiwa zimechelewa, na Bi Mkasi hapendi kulizungushia hilo maneno. Lakini wengi wanakula, wanameza, wanaongea. Hospitali mbili za jirani zimeshaleta watu wao kujifunza. Anawafundisha kwa mikasi na karatasi kabla hajawaruhusu kugusa kompyuta. Binti yake, yule wa alama ya kutoa, yuko chuo anasomea hesabu, na hupiga simu kumuuliza mama.

Sasa Bi Mkasi ameshika jambo jipya.

Wanawake wenye saratani ya titi la kushoto wana tatizo lao. Moyo uko chini yake palepale. Mionzi inayosafisha kifua inaweza kuugusa moyo, na madhara yakatokea baada ya miaka, mtu ameshasahau kwamba aliugua. Lakini mtu akivuta pumzi nyingi na kuishika, mapafu yanajaa na kuusukuma moyo mbali na ukuta wa kifua. Pakipatikana mwanya huo, mashine inaweza kupiga kwa sekunde chache, ikasimama, ikasubiri pumzi nyingine. Kinachohitajika ni kompyuta inayofuata mwendo wa kifua, hesabu ya mgonjwa aliyejaa hewa, na mgonjwa anayeweza kutulia.

Mashine ya kufuata pumzi imefungwa mwezi uliopita. Profesa Maji amemaliza vipimo vyake. Wafanyakazi wote wa kitengo wamelazwa mezani kwa zamu kujaribu, na inasemekana Profesa mwenyewe alishindwa kwa kucheka.

Mchana huu amelala mgonjwa wa kwanza, mama wa mapacha, mlinzi wa geti la kiwanda. Leo ni mazoezi tu. Kiboksi kidogo kimewekwa kifuani mwake, na kwenye kioo cha Bi Mkasi mstari wa kijani unapanda na kushuka.

"Dada, uko sawa?" Bi Mkasi anauliza kwenye kipaza sauti.

"Niko sawa. Moyo tu unakimbia."

"Uache ukimbie, tunautafutia nafasi. Jaribio la kwanza halihesabiki. Vuta pumzi. Vuta. Bado, vuta. Shika."

Mstari unapanda, unatetemeka, unaanguka. Mama anakohoa, anaomba radhi.

"Usiombe radhi, umemshinda Profesa tayari. Tena. Vuta. Ongeza. Shika."

Mstari unapanda, unaingia katikati ya eneo lililochorwa, na unatulia. Unanyooka. Hata waendesha mashine wawili waliosimama nyuma wamejikuta wameshika pumzi zao. Kwenye picha ya pembeni, kati ya ukuta wa kifua na moyo, panaonekana mwanya mweusi, mwembamba, uliojaa hewa.

"Achia," Bi Mkasi anasema, na watu wote chumbani wanapumua kwa pamoja.

Anageuza kiti, anamtazama daktari bingwa aliyesimama mlangoni amefunga mikono kifuani. Daktari bingwa anatikisa kichwa kukubali.

Bi Mkasi anarudi kwenye kipaza sauti. "Dada yangu, nenda nyumbani ukale, ulale, ucheze na mapacha wako. Jumatatu tunaanza."